Kivuli cha Tangi la Nereo

Novemba ilipoanza, kila shamba la mbaazi kuanzia Sabana Honda mpaka kule mtoni lilikuwa limevaa njano, isipokuwa shamba la Casilda. Mibaazi yake ilikuwa mirefu kuliko ya mtu yeyote. Majani mabichi, mashina manene, matawi yamefungamana mpaka kuku hawapiti. Ua hata moja halikuwepo.

Mwanzoni wapita njia waliisifu. Baadaye wakaanza kuicheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni Zunilda, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Huyu ndiye aliyemsimamia binti wa Casilda kwenye ubatizo, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote.

"Shoga, hii umelima mbaazi au umepanda kuni?"

"Ni mvua," alisema Casilda. "Ilichelewa."

"Mvua ilinyesha na kwangu."

"Basi mbegu."

"Mbegu ulinipa mwenyewe, kibaba kizima, na zangu zimechanua mpaka nyuki wanapigana."

"Basi ni hili jua la mwaka huu. Halieleweki."

Zunilda alipiga makofi kwa furaha. "Ehee! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua! Na mwenye mbaazi naye keshajifunza!"

Casilda hakucheka. Watu walidhani ni kiburi, maana alikuwa nacho, na cha kutosha. Lakini safari hii ilikuwa hofu tupu.

Alipokuwa na miaka saba alishikwa na maradhi ya macho yaliyomziba kabisa, juma zima akawa hatofautishi mchana na usiku. Mama yake, Eufemia, akapiga magoti mbele ya picha ya Bikira Maria wa Altagracia, akaahidi: macho ya mtoto yakifunguka, kila tarehe ishirini na moja Januari atapika chungu cha wali wa nazi na mbaazi, mbaazi za shamba lake, alizozipanda kwa mkono wake, si za kununua wala za kuomba, na kila atakayekuja atakula. Macho yakafunguka. Eufemia alipika mpaka alipokufa, na Casilda akaendelea palepale alipoishia mama. Miaka hamsini na minne sasa, na hakuna Januari hata moja iliyopita bila chungu, hata ile ya kimbunga, walipokula chini ya turubai huku maji yanawafika vifundoni.

Ahadi kwa Bikira si jambo la mchezo upande huo wa San Juan. Kila mtu anamjua mtu aliyeisahau ahadi yake, na kila mtu anajua kilichompata.

Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba jicho la kushoto la Casilda lilikuwa linafifia. Lilianza wakati wa Juma Kuu la mwaka uliopita, kama mvuke juu ya kioo, na mvuke ukazidi kuwa mzito. Hakumwambia binti yake aliyeko mjini, wala Zunilda, wala mganga, wala daktari. Alijiambia kwamba Bikira anamkumbusha. Mwaka huu chungu kikikosekana, la kulia nalo litakwenda, na yeye atakuwa mtu wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Hilo alikuwa ameliwaza mpaka likawa halina mjadala kichwani mwake.

Jicho hilo ndilo lililomfanya aipiganie taa ya barabarani.

Mwaka mzima alizunguka na daftari la saini, akavaa viatu vyake vya kanisani kwenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi ya umeme, akaambiwa rudi kesho, akarudi kesho. Sababu aliyoitaja mbele za watu ilikuwa kona. Barabara inakunja hapo ghafla, na mume wa Zunilda aligongwa na pikipiki pale gizani akavunjika nyonga. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Ila Casilda alikuwa na yake nyingine: jioni likiingia giza hakuwa anaona tena ngazi za jikoni kwake.

Aprili nguzo ikaja, na taa juu yake, nyeupe, kali. Kwa bahati au kwa ujanja wa mafundi iliunganishwa na waya wa zahanati, waya ambao haukatwi. Majumbani umeme uliendelea kuja na kuondoka ulivyotaka, watu wakishangilia ukirudi na kutukana ukienda. Taa ya kona haikuzimika hata dakika moja kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Wanaume walihamishia meza ya dhumna chini yake. Casilda akahesabiwa kuwa shujaa.

Akabaki na adui mmoja tu. Kati ya taa na nyumba yake palikuwa na nyumba ya Nereo, mzee mjane aliyefanya kazi ya mifereji ya umwagiliaji maisha yake yote, na juu ya paa la Nereo palikuwa na tangi jeusi la maji, limekaa juu ya matofali kama mtu aliyejikalia kitini kwake. Maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki. Asiye na tangi hanawi. Lakini tangi hilo lilikuwa linakata mwanga wa taa na kutupa ukanda wa giza kwenye shamba la Casilda na kwenye pembe ya ua wake. Alimwambia alisogeze. Nereo akamjibu kwamba tangi lilikuwepo kabla ya taa, na yeye Nereo alikuwepo kabla ya tangi. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Casilda akaandika barua kwa kamati, akaisaini wa kwanza, na kamati, ambayo haikuweza kumnyima kitu mama wa taa, ikampa Nereo amri: tangi lishushwe ifikapo Jumamosi ya tatu ya Novemba.

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa. Taa inawaka, tangi linangoja kushushwa, na mibaazi imesimama tu.

Casilda alijaribu kila kitu. Alimwaga jivu. Alipunguza matawi. Alibadilisha maji ya kumwagilia. Zunilda, ambaye licha ya mdomo wake alikuwa na moyo, akashauri waiogopeshe hiyo mibaazi. Desturi hiyo hufanywa Jumamosi Kuu kwa miti inayokataa kuzaa: mmoja anakuja na panga, mwingine anautetea mti.

"Si wakati wake," alisema Casilda.

"Mti utajuaje tarehe? Shika panga."

Wakaingia shambani. Casilda akainua panga juu ya mbaazi mmoja mnene. "Wewe! Huna faida! Leo nakukata uwe kuni!"

"Usimkate, mama," alilia Zunilda kwa sauti nyembamba, "mhurumie, atazaa! Nakuapia atazaa!"

"Amesema hivyo tangu Oktoba!"

"Mpe wiki mbili, ana aibu tu!"

Mchezo ulitakiwa uishie hapo. Lakini panga lilibaki juu mikononi mwa Casilda, halitaki kushuka wala kurudi, na Zunilda akamtazama kwa namna ambayo hakuipenda. Casilda akasema jua limemchoma kichwa, akaenda ndani.

Siku zikapita. Alhamisi, siku mbili kabla ya tangi kushushwa, Casilda alikuwa anapalilia asubuhi upande wa mbali wa shamba, karibu na uzio wa Nereo. Upande huo alikuwa hapiti tangu ugomvi uanze, kwa kuwa hakutaka kuonwa akichungulia kwa jirani. Akasikia nyuki. Si mmoja wala wawili. Akapenya kati ya matawi akifuata sauti, mkono mbele kwa sababu ya lile jicho, mpaka akatokea kwenye njano.

Maua. Mibaazi kumi na mitano, labda kumi na sita, imechanua kuanzia chini mpaka juu, na mingine ilikwisha kuanza kushika vitumba vya maganda. Pembeni yake, hatua moja tu kushoto, mibaazi ya mbegu ileile, iliyopandwa siku ileile, haikuwa na ua hata moja. Hatua moja kulia, hivyohivyo. Alitembea kwa kupapasa kufuata ukingo wa maua. Ukingo ulikwenda umenyooka kutoka kwenye uzio, hatua kama ishirini, kisha ukakunja mviringo na kurudi. Nani analima mviringo? Alifikiria mbolea, alifikiria kaburi la mnyama, alifikiria mambo mengine ambayo hayatajwi asubuhi.

Jioni alirudi kutazama tena. Jua likazama, na kwenye kona taa ikawaka. Mwanga ukaja juu ya paa la Nereo, ukatandaza shamba zima, na katikati ya mwanga ukalala ukanda mweusi, umenyooka kutoka kwenye uzio, ukaishia kwa mviringo. Casilda alikuwa amesimama ndani yake. Maua yote yalikuwa ndani yake. Nje yake hapakuwa na hata moja.

Alikaa chini kwenye udongo.

Mama yake alikuwa akisema, usipande mbaazi mapema ukijidanganya kwamba utavuna mapema. Utapata majani. Mbaazi haichanui mpaka usiku uwe mrefu, inaungoja, inajua. Casilda alikuwa amelisikia hilo mara mia, kama watu wanavyosikia maneno ya mama zao, na katika mwaka mzima wa kupigania taa halikumjia hata siku moja. Toka Aprili mibaazi yake haikuona usiku. Ilikuwa bado inangoja. Alikuwa ameifungia katika mchana mmoja usiokwisha, yeye, kwa saini yake na kwa viatu vyake vya kanisani, na sehemu pekee ambako usiku ulikuwa bado unafika ni ile iliyokuwa inalindwa na tangi ambalo aliliombea lishushwe keshokutwa.

Alitamani kucheka lakini hasira zilimzidi.

Kuzima taa lilikuwa neno lisilosemeka. Tangu Aprili hakuna mtu aliyegongwa pale konani. Mume wa Zunilda alikuwa anakwenda dukani kwa mkongojo wake kila jioni na kurudi mzima. Mibaazi kumi na sita ingetoa sufuria dogo la nyumbani, wala si chungu cha watu mia. Alihesabu majuma mpaka Januari. Kama shamba lote lingepata giza kuanzia sasa, wakati ungetosha, kwa tabu.

Ijumaa asubuhi Nereo alikuwa juu ya paa, anafungua mipira ya tangi.

"Don Nereo, umeamkaje?"

Mzee aligeuka kutazama nyuma yake, kama kuna Nereo mwingine hapo juu.

"Usilishushe," alisema Casilda.

"Unasemaje?"

"Tangi. Liache."

"Ngoja nishuke. Masikio yangu husikia vizuri zaidi nikiwa chini."

Alishuka taratibu, ngazi moja, pumzi moja, akafuta mikono kwenye suruali. "Rudia."

"Umeshasikia."

"Nimesikia, lakini ni tamu. Rudia."

"Nereo, usinichezee. Nina shida."

Akamweleza. Alimweleza kwa kifupi na kwa ukali, nyuki, maua, mviringo, kivuli, na Nereo, aliyekuwa amejiandaa kufurahia, akajikuta anasikiliza. Miaka arobaini alikuwa mtu wa kufungua na kufunga milango ya maji, na habari ya kitu kinachofunguka kwa saa yake haikumpita. Akapanda tena paa, akatazama shamba kutoka juu. Ukanda wa njano ulikuwa hapo, unaonekana kama umechorwa.

"Yaani mibaazi inataka kulala," alisema kutoka juu, "na wewe umeikalia na tochi."

"Sema unavyotaka."

"Tangi peke yake halitoshi. Nina mabati, yale ya jiko la marehemu mke wangu, Idalia. Nikiyasimamisha hapa ukingoni, shamba lote linapata kivuli." Akanyoosha kidole uani. "Na ua wako pia. Ule uliokuwa unaulilia. Utakuwa giza tupu, kama zamani."

Casilda aliwaza ngazi za jikoni, na hatua kumi na moja mpaka chooni, na lile bomba linalotokeza ambalo chini ya taa alikuwa amejifunza kulikwepa.

"Funika," alisema.

"Nitafunika. Lakini amri ya kamati inayo saini yako, kubwa, wino wa buluu. Kesho kwenye mkutano utasimama useme kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Mbele yao wote. Miezi saba wananiita mwizi wa taa."

"Nitamwambia Zunilda aseme."

"Basi Zunilda na aje asimamishe mabati."

Mkutano wa Jumamosi hufanyika kwenye baraza la duka, jua likiwa linashuka. Casilda alisimama, jambo alilozoea, na kusema amekosea, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Alisema Nereo hakuiba chochote. Alisema ni taa inayozuia mibaazi. Wachezaji wa dhumna walishindwa kujizuia.

"Jua limeachiliwa huru!" alisema mmoja. "Sasa kesi ni ya taa!"

"Mwakani atamshitaki mwezi!"

Aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Zunilda alinyanyua mkono. Hakuwa anacheka.

"Shoga, nunua mbaazi sokoni. Magunia yamejaa. Bikira hatachungulia ndani ya gunia."

"Mama alisema za kupanda kwa mkono."

"Mama yako Mungu amrehemu, lakini hakujua habari ya taa."

"Mimi nilijua habari ya mbaazi, nikasahau. Za sokoni sipiki."

Hapo Zunilda akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa analingoja, na aliuliza bila kumtazama mumewe, aliyekaa na mkongojo wake kati ya magoti. "Kwa hiyo unataka taa izimwe?"

Wangeizima. Casilda aliliona hilo, na lilimtia woga kwamba angeweza kuliomba na kulipata.

"Hapana," alisema. "Taa ibaki. Mimi nataka kivuli tu, na cha kwangu."

Jumapili baada ya misa Nereo alisimamisha mabati saba ukingoni mwa paa, akayafunga kwa waya na kuyaegemeza kwa mawe. Jioni taa ilipowaka, mwanga uliishia kwake. Upande wa Casilda usiku ukaingia wote mzima, kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Yaliyofuata yalikuwa ya kungoja, na kungoja hakuna hadithi. Kila asubuhi alipita kati ya mistari akipapasa ncha za matawi kwa vidole, kwa kuwa vidole viliona mapema kuliko macho. Siku ya kumi hakuna. Siku ya kumi na tano hakuna, akakaa na kusali rozari mbili mfululizo. Siku ya kumi na tisa akagusa kitu kigumu kidogo kwenye kwapa la jani, na mbaazi uliofuata hivyohivyo, na mstari mzima. Kabla ya Krismasi shamba lilikuwa njano, limechelewa zaidi ya mwezi kuliko ya wenzake, na nyuki walilihamia lote kwa kuwa kwingine maua yalikwisha.

Giza nalo lilidai lake. Alijigonga kwenye bomba mara tatu. Alianguka kwenye ngazi, akachubuka muundi, akasema kaangushwa na mbuzi wa Zunilda. Nereo, ambaye dirisha lake lilielekea ua huo, alisikia akianguka, na asubuhi alimwona mbuzi wa Zunilda amefungwa kwao.

Tarehe kumi na tisa Januari walivuna maganda mabichi, yamejaa. Wanawake wa mtaa walikaa kwenye ua siku nzima wanamenya, wanasengenya wasiokuwepo. Tarehe ishirini na moja, kabla ya saa sita mchana, chungu kikubwa kilikuwa juu ya mafiga, wali unachemka ndani ya tui, na harufu ikawaita watu kabla hawajaitwa. Walikuja zaidi ya mia. Casilda alisimama na upawa wake, amefunga kitambaa cheupe kichwani, na kila aliyeleta sahani aliijaza.

Zamu ya Nereo ikafika. Alikuwa amevaa vizuri. Alisimama upande wa kushoto wa Casilda, akanyoosha sahani, na Casilda akachota upawa uliojaa, akaumimina kwa uhakika kabisa juu ya kiatu cha Nereo.

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. "Bado ana hasira naye!" "Mwizi wa taa, pokea haki yako!"

Casilda alisimama na upawa mtupu. Uso wake haukuwa na hasira wala mzaha. Nereo aliutazama. Kisha akatembea polepole kumzunguka, akasimama kuliani kwake, akanyoosha sahani tena.

"Nimestahili," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Ila mguu wa pili una wivu, uwekee hapa kwenye sahani."

Wakacheka tena, na foleni ikaendelea.

Alasiri watu walipokwisha kutawanyika, wali umekwisha na ukoko umegombaniwa mpaka chungu kikang'aa, Nereo alibaki anafunga viti. Casilda alikuwa amekaa kwenye kigogo, amefunika jicho la kulia kwa kiganja, anatazama upande wa jua.

"Tangu lini?" aliuliza Nereo.

"Tangu lini nini?"

"Jicho, Casilda. Mbuzi wa Zunilda hana ufunguo wa uzio wako."

Casilda alishusha kiganja. Kisha akasema yote: Juma Kuu, mvuke, la pili litakalofuata. Alisema alitegemea leo, chungu kikishaisha, mvuke utaondoka. Tangu asubuhi alikuwa anajipima. Haukuondoka.

"Idalia alikuwa na huohuo," alisema Nereo. "Mtoto wa jicho. Walimpasua jicho asubuhi, siku ya pili wakamfungua kitambaa, akanitazama akaniuliza nimezeeka lini."

"Wangu si mtoto wa jicho. Wangu ni mambo yangu na Bikira."

"Uliwahi kuruka mwaka?"

"Sijaruka hata mmoja."

"Uliwahi kumfukuza mtu bila kula?"

"Hata wewe nimekulisha."

"Basi anakudai nini? Jicho limezeeka tu, kama goti langu. Goti langu sikumwahidi mtu."

Hapo Casilda akalia. Hakulia sana, wala kwa sauti, lakini alilia. Karibu miaka miwili alikuwa ameishi na hofu ya adhabu isiyokuwepo, na ilipoondoka ilimwachia swali baya kuliko yenyewe.

"Kama si yeye anayelichukua," alisema, "basi na yale ya utotoni si yeye aliyenirudishia. Huenda yalipona tu yenyewe. Na vyungu vyote hivi?"

"Hilo usiniulize mimi. Mimi ni mtu wa mifereji."

Casilda alitazama ua wake kwa jicho moja. Sahani zimerundikwa. Mbwa wa mtaa wamelala kwa shibe. Mwanamke mmoja ambaye hakumjua hata jina, aliyekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, alikuwa amesinzia ukutani na mtoto mapajani.

"Mama aliahidi chungu macho yakifunguka," alisema mwishowe. "Yalifunguka. Aliyeyafungua na ajijue mwenyewe. Mwakani nitapika." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Hospitali ya macho ni siku gani?"

"Jumanne. Basi la saa kumi na moja alfajiri."

"Kutakuwa giza."

"Nitakushika mkono."

"Hutanishika mkono, Nereo. Utatangulia mbele, mimi nitakufuata." Aliinuka, akakung'uta gauni. "Na uvae shati jeupe."